Kutosikia maumivu si ushahidi kwamba moyo unapata damu ya kutosha

Ndugu yangu, umeuliza kama kipimo cha mzee kimekosewa, maana alitembea kwenye mashine bila maumivu yoyote ilhali grafu ya umeme wa moyo (ECG) ilionyesha upungufu wa damu. Inawezekana kabisa kipimo kiko sahihi. Msuli wa moyo ukikosa damu ya kutosha, kwanza hushindwa kulegea vizuri, kisha nguvu ya kusukuma hupungua, halafu grafu hubadilika. Maumivu ya kifua huja mwisho, na kwa wengine hayaji kabisa. Umesema mzee ana kisukari. Huenda neva zinazopeleka taarifa za maumivu zimeathirika, kwa hiyo asingoje kifua kibane ndipo apumzike. Akiishiwa pumzi au akichoka kuliko kawaida, aache alichokuwa akifanya na apumzike.

Lakini tafadhali msimwachishe mazoezi kwa hofu, yana faida kubwa kwake. Muulizeni daktari mabadiliko ya grafu yalianza mapigo yakiwa mangapi kwa dakika. Mara nyingi mgonjwa hushauriwa kubaki angalau mapigo 10 chini ya hapo: kama yalianza kwenye 120, asivuke 110. Na dawa za kupunguza mapigo asiziache ghafla, hata akijisikia mzima.