Tulikopa kwa ajili ya sherehe ya mwaka mmoja, na haya ndiyo yaliyotupata

Dada yangu uliyeuliza kama ni lazima kumfanyia sherehe mtoto anayetimiza mwaka mmoja mwezi ujao, wakati kodi ya nyumba haijatimia na ndugu wa mume wameshaanza kualika watu, nakujibu kama baba aliyelipitia jambo hilo hilo. Binti yetu ametimiza miaka mitano tarehe 14 Agosti, nasi tunaishi Ngamiani, Tanga.

Alipozaliwa, nilikuwa nafundisha shule ya msingi wilayani Tunduru, na mama yake alikuwa muuguzi hapa Tanga. Kwa basi, safari ile ilinichukua siku mbili, nikipitia Masasi, Lindi na Dar es Salaam, na kila nilipotaka kuja nje ya likizo ilinibidi niombe ruhusa. Siku ya saba mama yangu mzazi alisimamia akika: mbuzi alichinjwa, mtoto akanyolewa nywele na kupewa jina, nami nikayafuatilia yote kwa simu nikiwa nimesimama nje ya darasa.

Naamini ni kule kutokuwepo kwangu ndiko kulikonifanya niitake sana sherehe ya mwaka wa kwanza, ingawa mama alisema kwamba akika ilitosha na kwamba Mungu alikwisha kushukuriwa. Nilikopa shilingi 480,000 kwenye kikoba cha walimu wenzangu, tukakodi turubai na viti 60, tukapika pilau, tukaagiza keki ya ghorofa mbili na kumlipa mpiga picha. Ulipofika wakati wa kukata keki, mshereheshaji aliniita nimpakate mwanangu. Nilipomnyanyua alinitazama usoni kwa muda, midomo ikaanza kumtetemeka, kisha akaangua kilio na kumnyooshea mikono yote miwili jirani yetu wa chumba cha pili, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda naye mama yake anapokuwa zamu. Nikamkabidhi. Keki ilikatwa mtoto akiwa amepakatwa na jirani, na katika picha tuliyonayo ukutani hadi leo, sehemu yangu pekee inayoonekana ni mkono ulioshika kisu.

Deni lile nililirejesha kwa miezi minane pamoja na riba yake, na kwa sababu hiyo likizo ya Desemba nilikosa nauli ya kuja nyumbani. Hilo ndilo ninaloomba ulipime wewe na mumeo kabla ya jingine lolote. Fedha niliyoitumia ili mtoto wangu aadhimishwe ndiyo ambayo ingenileta kwake mara kadhaa, nikamwogesha na kumlisha uji, naye akaizoea sauti yangu.

Uhamisho wa kumfuata mwenza ulikubaliwa alipokuwa na miaka mitatu. Kwa kuwa mke wangu aliendelea na zamu, mimi ndiye niliyeanza kumpeleka kliniki kupimwa uzito na kupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na huko ndiko nilikojifunza kuisoma kadi yake. Wazazi wengi huiona kadi ile kuwa karatasi ya chanjo tu. Kwangu mimi ilikuwa kama barua niliyoandikiwa nikiwa mbali: nukta za uzito zinapanda taratibu, surua amechanjwa akiwa na miezi tisa, kisha alipokuwa na miezi kumi na moja nukta inashuka. Nilimuuliza mke wangu kulikoni, akanieleza kuwa mtoto alihara kwa siku nne na kwamba hakuniambia kwa sababu nilikuwa nahangaikia fedha za sherehe. Nilimwomba radhi usiku ule, na tangu hapo tumekubaliana kwamba habari ya ugonjwa haifichwi, hata aliye mbali akiwa hana uwezo wa kusaidia.

Mwaka huu tulimwita bibi yake na watoto wa majirani wanane, tukawakaangia maandazi, tukawapa juisi ya ukwaju na keki moja ndogo. Binti alikata vipande mwenyewe, akavichoma kwa vijiti vya meno na kutulisha mmoja mmoja. Alianza na yule jirani wa chumba cha pili, na nilifurahi kwamba alianza naye, kwa maana anastahili. Kisha akamlisha bibi, akamlisha mama yake, akaja kwangu na kunishika kidevu ili kipande kisidondoke. Maji ya kummwagia yalipoletwa, alikimbilia nyuma yangu, tukalowa wote wawili.

Kwa hiyo, dada, waambie wakwe zako kwa heshima, na ni vema mumeo ndiye aseme, kwamba mtafanya dua na chakula cha watu wa nyumbani tu, bila kukopa. Kama kuna bibi au babu aliye mbali, mtumieni nauli aje akae naye hata wiki moja. Kama cheti cha kuzaliwa bado, kifuatilieni RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, sasa, maana shuleni watakihitaji. Na chakula kiwe cha mchana, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja saa moja ya jioni huwa ameshachoka na anataka kulala.