Amani kuna ukungu, Mkomazi kuna miiba

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha bayolojia Muheza. Mwaka huu niliwapeleka wanafunzi Mkomazi, kisha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Zote zinalindwa; Amani iko ndani ya milima ya Usambara, Mkomazi imepakana nayo. Mbona Amani aina za miti hazihesabiki, na Mkomazi ni migunga na mibuyu? Niliwaambia Amani imelindwa vizuri zaidi. Nilisema kweli?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hapo uliteleza. Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na wingi ule wa mimea ulikuwapo tangu zamani za kale. Askari wanalinda mali waliyoikuta. Aliyeiweka ni upepo wa bahari.

Upepo wa Bahari ya Hindi hufika umebeba unyevu, hugonga Usambara, hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande wenu. Ukivuka mgongo wa milima umeshajikamua, Mkomazi inaambulia makombo. Hilo wanafunzi wako wamelihisi kwenye ngozi.

Lakini mvua ya leo peke yake haitoshi kueleza. Miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi na sehemu kubwa ya Afrika ikawa kavu. Baadaye hata Ziwa Victoria lilikauka. Misitu mingi ikageuka nyika. Sasa sikia: wataalamu walichimba tope la kinamasi juu ya milima ya Uluguru, Morogoro, iliyo katika mnyororo mmoja na Usambara, tabaka baada ya tabaka, wakatafuta chavua, ule unga wa maua, iliyonasa humo. Chavua ina ganda gumu, hukaa topeni maelfu ya miaka. Walikuta chavua ya miti ya msitu kwa zaidi ya miaka 40,000 kurudi nyuma, hata katika kipindi kile kikavu. Bahari haikuacha kupeleka mawingu kwenye milima hii. Mimea iliyopotea kwingine ilisalia hapa, na mingine ikapata muda wa kugeuka aina mpya, kila mlima na yake.

Waoneshe wanafunzi msambu, ule mti wenye matunda makubwa ya kahawia yanayodondoka yenyewe, na mbegu zake zenye mafuta. Ndugu zake wako Ghana na Kameruni. Katikati pana nyika kubwa ambayo msambu hauwezi kuivuka. Zamani sana msitu ulifika huku na huku, ukame ukaukata vipande viwili.

Mimi nilikuwa msaidizi wa kukusanya mimea, miaka mingi nikiikausha kati ya magazeti. Nililolipenda kuliko yote ni lile ua la zambarau la Usambara, ambalo mbegu zake Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alizipeleka kwao mwaka 1892, na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Msituni linakaa kwenye ufa wa jiwe, kivulini, mizizi imeshika udongo usiojaa kiganja. Majani yana vinyweleo. Asubuhi kila kinyweleo kina tone lake la ukungu.

Ndiyo maana nina hofu. Ukipanda mita 100 joto hupungua zaidi kidogo ya nusu digrii. Dunia ikipata joto digrii mbili, mmea unaotaka ubaridi uleule unapaswa kusogea juu zaidi ya mita 300, na mawingu nayo hupanda. Kilele kirefu cha Usambara Mashariki, Nilo, kina mita 1,506 tu. Na ua la kwenye jiwe linasogeaje, ikiwa juu yake pamefyekwa kupandwa iliki au chai? Mpaka wa hifadhi uko palepale kwenye ramani, ila hali ya hewa inahama. Kwangu mimi, kila ukanda wa msitu unaounganisha bonde na kilele una thamani kuliko bango jipya getini.

Mkirudi, acha wanafunzi wawili Zigi, chini ya mlima, na kipimajoto, wengine wapande hadi Amani na kingine. Wote wasome saa nne kamili, kivulini. Kisha uwaulize ua lile lingehamia wapi.