Kupitia si kupitisha

Msomaji wa Wete kaniuliza: "Mwalimu, tunabishana barazani. Mie nasema Azimio la Uhuru la Marekani lilianza kama muswada wa kamati ya watu 5, mwenzangu anasema ni rasimu ya Jefferson iliyopitiwa na Kongresi tarehe 4 Julai 1776. Tuseme muswada au rasimu?"

Semeni rasimu, ndugu yangu. Ni Kiarabu, rasm, mchoro. Muswada si kosa ila visiwani tushauzoea kwa sheria inayopelekwa Baraza la Wawakilishi, basi tuuache huko. Kamati ilikuwepo kweli, Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni ya Kimarekani, iliichagua Juni 11, Jefferson, Adams, Franklin, Sherman na Livingston, lakini kalamu alishika Jefferson, Adams na Franklin wakamrekebishia maneno hapa na pale, ikafikishwa Kongresi Juni 28.

Lakini hiyo "iliyopitiwa" ya mwenzako imenichoma, maana naisikia kila siku redioni, wajumbe wamepitia bajeti, kumbe mtangazaji anakusudia wameikubali! Jamani. Kwetu mtu akisahau chungu motoni kikaungua anasema nimepitiwa. Aliyetukana watu sokoni akija kuomba radhi anasema shetani kanipitia. Na nikikwambia nipitie baada ya Isha twende harusini, unakuja kwangu, hujanikubalia kitu wala hujanikatalia. Kupitia karatasi ndo hivyo hivyo, unakwenda juu yake mstari kwa mstari, jicho kali, kalamu mkononi. Kupitisha ni kuiachia ipite. Kati ya viwili hivyo ndo kwenye kazi yote, na anayevichanganya anaifuta kazi ya watu.

Tazama Philadelphia kwenyewe, Kongresi ilipokaa. Julai 2 wajumbe walipiga kura ya kujitenga na Uingereza, halafu wakaanza kuipitia rasimu mpaka Julai 4 na wakakata kama robo nzima huku Jefferson kakaa anaona. Hata kabla ya hapo rasimu ilishachujwa, Jefferson aliandika kuwa kweli zile za mwanzo wa Azimio, kama kwamba watu wote wameumbwa sawa, ni "takatifu na hazikanushiki", kwenye karatasi yake iliyobaki maneno hayo yamekatwa na juu yake pameandikwa kuwa zinajidhihirisha zenyewe. Maneno machache tu yamebadilishwa na sentensi imetoka msikitini imekwenda mahakamani.

Kubwa zaidi ni kile kifungu kirefu kilichomlaumu mfalme George III kwa biashara ya watumwa. Kimefutwa chote. Jefferson, na yeye mwenyewe alikuwa akimiliki watumwa, aliandika kwamba South Carolina na Georgia hawakukitaka. Sie tunaopita Mkunazini, palipokuwa na soko la watu mpaka 1873, kifungu kama hicho hatukisomi haraka haraka. Sasa nambie, kwa huyo anayesema kupitia kwa maana ya kukubali, habari hii ataisema vipi? Mie nasema: kifungu kile Kongresi ilikipitia, haikukipitisha. Maneno mawili, na msiba wote umo ndani.

Wanaosema "kupitia kamati hiyo tumefanikiwa" wakiwa na maana ya kwa njia ya kamati, hao nishawasamehe, imeshaota mizizi na sina nguvu ya kuing'oa. Hii nyengine siiachi.

Mwambie mwenzako aseme hivi: rasimu ya Jefferson, Kongresi iliipitia tokea Julai 2, ikaipitisha Julai 4. Saini nyingi zilitiwa Agosti 2.