Jua Lipo Nairobi, Lakini Je, Linamfikia Mama?

Wiki hii barua nyingi zimeuliza juu ya vitamini D na ujauzito. Nimechukua nne.

Naishi Pipeline, nina mimba ya miezi sita. Nairobi jua ni tele, nitakosaje vitamini D?

Dada yangu, jua liko angani, shida ni likufikie ngozini. Nimepanda ngazi za maghorofa ya huko: saa sita mchana taa inawaka kwenye korido, na dirisha la chumba linatazamana na ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Kuketi nyuma ya kioo hakusaidii, maana miale inayotengeneza vitamini hii haipenyi kioo. Na ngozi yetu nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe.

Mtoto huzaliwa na akiba aliyoichota kwa mama. Mama akiwa nayo haba, naye mtoto huanza na haba. Upungufu ukizidi, madini ya kalisi hushuka kwenye damu na kichanga anaweza kupatwa na degedege. Baadaye huja matege. Kabla miguu haijapinda, shika kifundo cha mkono wa mtoto: mfupa umetanuka pale, na mama wengi hudhani ni unene. Hilo huniuma sana, kwa sababu lazuilika.

Niote jua saa ngapi? Nyanya yangu anasisitiza la asubuhi.

La saa moja ni tamu, ila miale inayotengeneza vitamini D ni michache mno. Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kama saa nne hadi saa tisa hivi, toka na mikono wazi kwa dakika kadhaa, bila kuungua. Omena na mayai vina vitamini D pia, ingawa chakula peke yake mara nyingi hakitoshi.

Niko Eastleigh, navaa buibui. Vidonge vya kliniki si vinatosha?

Vile kwa kawaida ni vya madini ya chuma na foliki asidi. Usiviache hata siku moja, lakini vitamini D havina. Uingereza huwashauri wajawazito wote kumeza mikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kila mjamzito apewe, ila anayedhaniwa kuwa na upungufu anaweza kupewa yuniti 200 kwa siku. Mweleze muuguzi unavyovaa na unavyoshinda ndani. Usijinunulie dozi kubwa kwenye kemisti, kwani ikizidi hupandisha kalisi na kudhuru figo. Nyumbani, ua au paa lenye faragha litakufaa.

Mwanangu ana wiki mbili, macho yamekuwa manjano. Mama mkwe anasema nimwanike juani.

Mama, usitegemee jua kutibu manjano. Endelea kumnyonyesha, na kliniki uulizie matone ya vitamini D, kwa kuwa maziwa ya mama huwa nayo kidogo. Lakini hayo macho hayangoji siku ya kliniki. Chukua kitabu chake umpeleke hospitali leo hii.