"Ondoa viatu" au "vua viatu"?

SWALI: Natafsiri maelekezo kutoka Kiingereza, na kila ninapokutana na "take off" naandika "ondoa". Mwenzangu ananicheka, anasema "ondoa viatu" si Kiswahili. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, ingawa kapitiliza kidogo. "Ondoa viatu" ni Kiswahili safi, ila kina maana nyingine: viatu vimetupwa mlangoni, vinazuia njia, vitoe hapo. Vilivyo miguuni huvuliwa.

Kiingereza hutazama kitu kinavyotoka tu. Kiswahili huuliza kwanza: hapo kilipo, kiliwekwaje? Kilichovaliwa huvuliwa, iwe nguo, miwani, pete au saa ya mkononi. Kilichobandikwa hubanduliwa, na nguo zilizoanikwa huanuliwa. Hii ndiyo kauli ya kutendua, yaani kitenzi kinachotengua tendo la kwanza. Sufuria haina jozi ya namna hiyo: unaiteleka, kisha unaiepua (wengine husema "unaiipua"). Na mzigo wa kichwani hutuliwa. Kwenye mfuniko mambo hugeuka kabisa. Mwingereza anautaja mfuniko wenyewe. Sisi tunakitaja chombo: "funua sufuria". Ukiandika "ondoa sufuria motoni" nitakuelewa, lakini nitajua papo hapo kwamba ulikuwa unachungulia Kiingereza.

Kuvua nako kunakwenda mbali kuliko nguo. Mtu huvuliwa cheo, madaraka au uanachama. Ukimkubali mtu sana unamvulia kofia, hata kama hujawahi kumiliki kofia.

Ndege ni habari nyingine. "Ndege imeondoka" ni lugha ya ratiba: haipo tena kiwanjani, umeachwa. Tendo lenyewe la magurudumu kuachana na ardhi ni kuruka au kupaa, na kinyume chake ni kutua, kitenzi kilekile cha mzigo. Kwenye habari ya ajali tofauti hii si ya kupuuza. Ukisema ndege "ilipata hitilafu ilipokuwa ikiondoka", msomaji hajui kama ilikuwa bado inajivuta kuelekea barabara ya kurukia au ilikwisha kunyanyuka. "Wakati wa kupaa" humaliza ubishi.

Mtu akiondoka mbio, katimua mbio. Mtaani, katoka nduki. Biashara iliyoanza kwenda vizuri imeshika kasi, au imechanganya kama hutaki urasmi. Nisingesema imepaa, maana kwa masikio ya wengi kinachopaa ni bei, na hiyo si habari njema. Na bei yenyewe huiondoi, unaipunguza: "punguza bei kwa asilimia 10".

Siku ya kutokwenda kazini unaiombea ruhusa, au unachukua likizo. Neno "ofu" linasikika sana, nalo halina ubaya kwenye mazungumzo, lakini kwenye maelekezo unayotafsiri liache.