Nimeacha kujitapisha, mbona tumbo bado linajaa upesi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, na kwa miaka 5 nimeishi na bulimia: nafakamia chakula kwa siri, kisha najitapisha. Sasa ni wiki ya 7 sijajitapisha, na mshauri wangu ananisaidia sana. Tatizo ni tumbo. Nikila nusu sahani linajaa na kuvimba, nasikia chakula kimekaa palepale mpaka jioni. Zamani nikifakamia nilikuwa sisikii shibe kabisa. Rafiki yangu anasema tumbo limepanuka, nifunge siku 3 huku nakunywa chai ya kusafisha tumbo ili linywee. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Wiki 7 ni kazi kubwa uliyoifanya, na sitaki chai hiyo ikuharibie. Usiinywe, na usifunge hata siku moja.

Swali hili naletewa mara kwa mara, na karibu kila anayelileta ameshauziwa kitu. Watu hulifikiria tumbo kama fulana iliyovutwa ikapwaya, eti ukiliacha tupu siku chache litarudi saizi yake. Tumbo ni msuli unaopokea amri za neva na homoni. Chakula kikiingia, sehemu ya juu hulegea ili kukipa nafasi. Sehemu ya chini hukisaga mpaka kiwe rojo lenye chembe za milimita 1 au 2, kisha mlango wa chini huliachia kidogo kidogo lipite kwenye utumbo mwembamba. Mlo wa kawaida huchukua kama saa 4 kumalizika. Rojo likifika kule, utumbo humwaga homoni iitwayo kolesistokinini, nayo kupitia neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, huuambia ubongo kwamba inatosha. Kwa hiyo shibe haitokani na kujaa kwa tumbo peke yake. Sehemu yake hutoka ng'ambo ya mlango ule.

Rafiki yako amegusa ukweli kidogo. Matumbo ya watu wenye bulimia, yakipimwa kwa kipira kinachojazwa maji ndani ya tumbo, kwa wastani hubeba zaidi ya ya wengine. Lakini utafiti umeonyesha mambo mengine matatu ambayo wauza chai hawayataji: sehemu ya juu hailegei inavyopaswa baada ya kula, chakula hukawia kutoka, na kolesistokinini haipandi kufikia kiwango cha kawaida. Hapo ndipo yanapokutana malalamiko yako mawili yanayoonekana kupingana. Nusu sahani inakubana kwa sababu tumbo halikuipa nafasi, na inakaa mpaka jioni kwa sababu mlango unachelewa kuiachia. Ulipokuwa unafakamia, chakula kiliingia kwa kasi ndani ya tumbo linalobeba zaidi, na taarifa ya kushiba ikafika imechelewa tena dhaifu. Mtu wa namna hiyo anaambiwa hana nidhamu, kumbe ubongo wake haujapata habari.

Sasa kufunga. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema, wote waliojitolea, kwa miezi 6. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula milo mikubwa kupita kiasi na bado wakasema wana njaa. Hao hawakuwa na bulimia. Njaa ya kulazimishwa ilitosha kuivuruga shibe yao. Wewe ambaye shibe yako tayari imevurugika, siku 3 za kufunga zitalifanya tumbo kuwa zito zaidi katika kuachia chakula, na siku ya 4 zitakurudisha kwenye kufakamia. Nimeshaona hivyo mara nyingi mno.

Kinachorekebisha tumbo ni kula. Milo 3 na vitafunio 2 au 3 kila siku, bila kupitisha saa 4 tumbo likiwa tupu. Fuata saa, kwa kuwa njaa na shibe bado si mashahidi wa kuaminika. Ukishindwa sahani nzima, gawa: kula nusu, iliyobaki uile baadaye kidogo. Chakula laini hupita upesi kuliko kigumu na chenye mafuta mengi, na vinywaji vya gesi viache kwanza. Kuvimba huko si unene, na huweza kuendelea kwa wiki kadhaa hata miezi kabla ya kutulia. Miguu ikijaa maji kidogo katika kipindi hiki usiogope, ila mwambie daktari wako. Usijinunulie dawa ya kuharakisha tumbo. Baadhi yake, kama domperidone, huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa potasiamu, yaani madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, ikiwa chini kwenye damu, kwa hiyo damu na moyo vipimwe kwanza.

Na hapa nizungumze na wote, maana barua yako si ya peke yako. Hivi karibuni mgonjwa mmoja alikaa mbele yangu, mkono mmoja umeshika tumbo juu ya kitovu, wa pili unatoa pakiti mkobani na kuzipanga mezani. Zilikuwa 4. Mbele zote zimeandikwa “asilia”. Nikazigeuza: kwenye 3, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sanamaki. Hiyo ni dawa ya kuharisha, na kazi yake huifanya kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa karibu chote kwenye utumbo mwembamba. Mizani ikishuka kesho yake, kilichopungua ni maji, pamoja na potasiamu inayouweka moyo kwenye mwendo wake. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, yake ilikuwa chini ya 3. Tulimpima moyo kabla ya kuzungumza lingine lolote. Anayeuza pakiti hizo haulizi kama mnunuzi anatapika, wala hapimi damu ya mtu. Tumbo halihitaji kusafishwa. Lina asidi yake na mwendo wake, na huachia chakula chote lenyewe baada ya kila mlo. Anayekuambia vinginevyo anakuuzia kuhara, na kumwuzia mtu mwenye bulimia ni kumweka hatarini, hata kama pakiti ina picha ya majani.

Usingoje miadi ukiona haya: maumivu makali na tumbo gumu lililojaa baada ya kula sana, damu kwenye matapishi, kuzimia, au moyo kudunda ovyo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na useme wazi kwamba una bulimia, kwa sababu bila neno hilo daktari wa zamu anaweza kudhani ni kiungulia.

Kama ulishaanza kunywa chai hiyo, mwambie daktari wako wiki hii, akupime potasiamu. Pakiti usiitupe. Nenda nayo, asome yaliyoandikwa nyuma.