Umepewa uenyekiti wa chama cha wenza wa mawakili? Soma hii kwanza

Siku ya uchaguzi watakupigia vigelegele, halafu wote watapanda bajaji na magari yao warudi makwao, wewe utabaki na daftari la mihutasari, bahasha ya risiti za mwenyekiti aliyepita na grupu la WhatsApp ambalo nusu ya watu wameliweka kimya. Sikutishi jamani. Mimi nimekaa kwenye hicho kiti mwaka mzima hapa Mbeya, chama chetu cha wenza wa mawakili, wake kwa waume, kazi ya kujitolea kabisa hakuna posho hakuna nauli, na nimetoka salama. Ila wale wa Iringa na Njombe mnaonipigia kuniuliza mnaanzaje, nimeona niandike mara moja kuliko kurudia kwenye simu kila siku.

Tuanze na cheo maana ndo kitakachokusumbua mapema. Mawakili wenyewe wana utaratibu wao wa nani mkubwa nani mdogo, wanajua fulani aliapishwa mbele ya Jaji Mkuu yupi na mwaka gani, wakikutana tu kila mtu anajua anakaa wapi. Sasa hiyo kitu inaingia kwenye chama chenu bila hodi. Mke wa wakili mwenye ofisi kubwa anajikuta kiti cha mbele na watu wanamsubiri aongee ndo waongee, na yule binti ambaye mumewe kaapishwa juzi na bado anahangaika kulipa pango la ofisi anakaa karibu na mlango, hasemi kitu, kikao cha tatu haji. Na ukimpoteza huyo umepoteza mtu wa kazi, maana mara nyingi ndo mwenye nguvu na muda.

Mimi nilifanya vitu viwili tu. Viti vinapangwa duara, hakuna meza kuu, hata mwenyekiti hana meza. Na mtu akijitambulisha hatuanzi na mume wala mke, anasema yeye anafanya nini. Hapo ndo tukagundua tuna mwalimu wa chekechea, nesi, dada wa duka la pembejeo Mwanjelwa, mama anayelima viazi Uyole na anajua kuhesabu magunia na kuweka vitabu vya hela kuliko sisi wote, na baba mmoja, mume wa wakili, ambaye ni fundi umeme. Yule baba kabla ya hapo alikuwa anaitwa shemeji tu na kupewa kazi ya kubeba soda.

Kuna jambo lingine la ndani zaidi. Mume wako na mume wa mwenzako wanaweza kuwa pande mbili za kesi moja, ya shamba tuseme, na nyie wawili mko kamati moja ya chakula. Mji wetu sio mkubwa, hilo litatokea. Sheria yangu ilikuwa moja na niliisema kila tukifungua kikao mpaka wakawa wananimalizia: kesi haiingii humu. Wakili anabanwa kutunza siri za mteja wake, wewe mwenza unasikia kipande cha simu sebuleni wakati unapakua ugali, hicho kipande kiishie hapohapo sebuleni. Mtu akianza "eti nasikia ile kesi ya yule mzee wa Chunya..." mkate hapohapo, usione aibu, hata kama ni mtu mzima kwako, sema tu "mama shikamoo, lakini hilo hapana."

Kuhusu kupata watu wa kufanya kazi. Ukiandika kwenye grupu "ndugu wanachama tunaomba watu wa kujitolea Jumamosi" utapata mikono ya kuomba, utapata "amina", utapata mtu anakutumia picha ya heri ya Ijumaa, mtu wa kuja hupati. Pigia mtu mmoja mmoja. Na usimwombe "utusaidie", mwombe kitu kimoja chenye mwisho: "Dada, naomba termosi mbili za chai saa mbili asubuhi, saa nne uko huru, na termosi zako nazirudisha mimi mwenyewe." Mtu anakubali kwa sababu anaona mwisho wa kazi. Hawa watu wana kazi zao, wana watoto, wana wakwe, anachokupa wewe ni muda uliobaki baada ya vyote hivyo, sasa kata kazi iingie humo. Meseji za sauti za dakika nne nazo acha, hakuna anayezisikiliza, wanasubiri mtu mwingine asikilize awaambie.

Kalenda iangalie vizuri pia. Desemba usipange kitu. Mahakama Kuu inaenda likizo kuanzia katikati ya Desemba, mawakili wanapumua, familia zinashuka Kyela na Tukuyu au wanarudi Makete, mji unabaki na wageni. Halafu Januari hela hakuna kabisa, ni ada za shule na ni wakati wa wakili kuhuisha leseni yake, sasa we kusanya mchango hapo uone watu wanavyokuwa bize. Na bahati mbaya kazi yetu kubwa ya mwaka inaangukia hukohuko, Wiki ya Sheria, mwisho wa Januari kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo hela ya Januari ikusanywe Septemba na Oktoba, kidogokidogo.

Hela yenyewe isikae kwenye laini yako. Nasema tena, isikae kwenye laini yako hata wiki moja, hata kama unaaminika kama Biblia. Sio suala la wizi, ni kwamba siku simu ikiibiwa au mtoto anaumwa usiku na hela pekee iliyopo ni hiyo, utajiweka pabaya. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, watawaomba katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua, na cheti cha usajili. Kama mko kikundi tu, anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yenu, watawaelekeza, na kama mnataka kuwa chama kamili chini ya Sheria ya Vyama basi hiyo inaenda mpaka Wizara ya Mambo ya Ndani na inataka uvumilivu. Mpaka akaunti ikae sawa, M-Koba, ile huduma ya vikundi kuweka hela kwa simu, inatosha, maana kila mwanachama anaona kwenye simu yake nani kaweka na nani kaomba kutoa. Na mweka hazina abandike hesabu kwenye grupu kila mwisho wa mwezi, hata kama mwezi huo iliyotoka ni hela ya sukari tu.

Kitakachowagombanisha kwenye hela sio matumizi ya chama, ni msiba. Akifiwa mwanachama na mzazi mnatoa shilingi ngapi? Mkwe je? Mjomba aliyemlea? Mnaenda wangapi, na gari analipia nani kama msiba uko Ludewa na ni masika na barabara ndo kama unavyoijua? Haya mambo msipoyaandika kabla hakuna mtu kafiwa, mtayajadili siku mtu amelia, na siku hiyo hakuna jibu zuri, ukisema hapana wewe ni katili, ukisema ndiyo mwezi ujao mwingine atauliza mbona wangu hamkuja. Sisi tuliandika majina ya ndugu wanaohesabika, kiwango kimoja kwa wote, mke wa wakili mkubwa na yule binti wa mlangoni sawasawa, na anayetaka kuongeza anaongeza mfukoni mwake kwa bahasha yake. Kikao hicho kilikuwa kirefu, watu walinuna. Ila tangu hapo misiba tumeizika kwa amani. (Sare ya kitenge nisiizungumzie, miezi inapita tunabishania maua makubwa au madogo, mwisho kila mtu kavaa alichonacho na shughuli ilifana.)

Sasa Wiki ya Sheria. Mahakama na mawakili wanatoa elimu na ushauri wa bure kwa wananchi, na sisi wenza tunasaidia chai, viti, kuandika majina, kushika watoto wa wanaosubiri. Hapa ndo panataka uangalifu. Watu wanakuona na beji wanadhani na wewe ni wakili. Alikuja bibi mmoja wa milimani huko Rungwe, nje mvua, kafungua kanga tabaka kwa tabaka, katikati kuna mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kuna karatasi zimelowa pembeni na zimekunjwa mpaka zinaachana. Akanishika mkono, "mwanangu, shamba la marehemu baba yao wamechukua, nifanyeje?" Ukiwa umeishi na wakili miaka yote hiyo jibu linakuja mdomoni lenyewe. Lisitoke. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hiyo kazi ina watu wake waliosajiliwa, wakiwemo wasaidizi wa kisheria, na wewe ukimpa bibi jibu nusu ataenda nalo kijijini ni hukumu.

Tulichofanya ni kumpangia karatasi. Wengi wanakuja na mirathi au ardhi, na wakili ana dakika chache kwa kila mtu, zikiisha kwa kutafuta karatasi bibi anaondoka hajasaidiwa. Basi mezani kwetu tunazikausha, tunatenga: cheti cha kifo hiki, muhtasari wa kikao cha ukoo huu, hukumu kama ipo, na juu ya bahasha tunaandika tarehe ya hukumu kwa kalamu nene, maana rufaa ina muda wake na wakili anataka kuiona hiyo kwanza. Bahasha za khaki nunueni nyingi, sisi ziliisha mchana tukaanza kutumia za harusi. Yule fundi umeme wetu ndo alikuwa bingwa wa kupanga, hana haraka, na wazee wa kiume walimfunulia mambo ambayo kwa sisi wanawake wangeyameza.

Ukimaliza mwaka, kabidhi kwa maandishi, daftari, kadi ya benki, namba za watu wa viti na maturubai, na jitoe uadmini siku hiyohiyo. Mwenyekiti mpya akikosea kitu kidogo kwenye grupu wewe nyamaza, asikutafute mtu pembeni mkaanza "enzi zako."

Nyie wa Iringa, katiba yetu nawatumia wiki hii, mnaweza kunakili karibu yote. Kipengele cha msiba tu ndo mkae chini mkiandike wenyewe, mila zenu na zetu za huku si sawa.